Gari la Kumrudisha Kansiime

Lameck alipotangaza wakati wa chakula kwamba Jumamosi atalitengeneza gari, ni mtu mmoja tu aliyemwitikia. Kansiime, mkamwana wake, alisema, "Ahsante, baba," kisha akainamisha macho kwenye sahani. Benadeta, mke wa Lameck, hakusema neno. Alisimama, akakusanya vyombo kabla wenzake hawajamaliza kula, akatoka navyo kwenda jikoni.

Gari lenyewe lilikuwa Corolla kuukuu, nyeupe iliyokwisha kushika rangi ya vumbi la Karagwe, mali ya Novatus, mtoto wao wa mwisho. Dada zake walikuwa wameolewa mbali, huko Mwanza na Geita. Novatus ndiye aliyebaki Bweranyange, akajenga nyumba ndogo kwenye kibanja cha baba yake, akawa anabeba abiria kwenda Kayanga na kurudi. Masika ya mwaka huo figo zake zilishindwa kazi. Alilazwa, akahamishiwa hospitali kubwa, na kutoka huko akaletwa nyumbani ndani ya jeneza. Walimzika kati ya migomba, karibu na dirisha la chumba alichokuwa akilala. Gari likasukumwa kwenye banda nyuma ya jiko, likafunikwa turubai, na kuku wakapata pa kutagia.

Kansiime ndiye mjane wake. Kwao ni Kyerwa, ukishaipita Nkwenda, kwenye nyika ya majani ambako ndugu zake wanafuga ng'ombe. Alikuja Bweranyange kama bibi harusi ndani ya Corolla hiyo hiyo, akiwa mtu wa maziwa asiyejua hata kumenya ndizi. Benadeta alimfundisha yote: kupaka mafuta mikononi ili utomvu usigande, kufunga ndizi kwenye majani zisiungue chini, kuchagua mbegu za maharage. Wakapendana. Watu kanisani walizoea kuwaona benchi moja, kitabu kimoja cha nyimbo, vichwa viwili vimeinamiana. Kitu pekee ambacho Kansiime na Novatus hawakujaliwa ni mtoto.

Matanga yalipoondolewa, mzee Byarugaba, kaka yake Lameck, alikuja na maneno ya ukoo.

"Mjane hatoki nje," alisema. "Yuko kijana wangu Kahigi, hana mke. Mambo yaishie nyumbani."

"Umemuuliza mwenyewe?" Lameck alisema.

"Aulizwe nini? Si tulimtolea mahari?"

"Basi mimi nitamuuliza."

Akamuuliza, mbele ya kaka yake. Kansiime alijibu akiwa amepiga magoti, mikono mapajani. "Kahigi ni shemeji yangu, baba. Hata nikimtazama, naona shemeji." Lameck akasema suala hilo limekwisha. Byarugaba alichukua fimbo yake akaondoka bila kuaga, na tangu siku hiyo hakukanyaga tena uani pale.

Wengi walidhani baada ya hapo Kansiime angekaa. Lakini walipokuwa wakivuna kahawa alimfuata Lameck kwenye mibuni, akasimama kwa mbali kidogo, kama inavyompasa mkamwana mbele ya baba mkwe.

"Baba, naomba kurudi kwetu."

Lameck aliacha tawi alilokuwa amelivuta. "Kuna aliyekuambia neno baya?"

"Hakuna."

"Hapa ni kwako. Hata mimi nikifa, hapa ni kwako. Nimeshamwambia mwenyekiti wa kitongoji."

"Najua, baba. Nikiendelea kukaa sitaweza tena kuondoka. Na mama yangu naye ameanza kuchoka, kaka yangu Tumwine ananipigia simu kila wiki."

Lameck alilisogeza kapu la kahawa kando. Kisha akasema, "Basi utarudi kwa gari. Mwanangu hakukuleta hapa kwa bodaboda. Sitaki watu wa kwenu wakuone unashuka kwenye pikipiki na godoro kichwani, kama mtu aliyefukuzwa."

Ndivyo ilivyokuwa. Na ndiyo sababu Benadeta alikuwa hasemi.

*

Lameck alijua magari. Ujana wake wote alifanya kazi kwenye gereji ya misheni, akiwa dereva na fundi kwa pamoja, kabla mgongo haujamrudisha kwenye migomba. Siku zilizotangulia alikuwa ameshapeleka betri Kayanga ikachajiwe, akabadilisha oili, akazisugua plagi. Gari lilikubali kuwaka. Tatizo lilikuwa moja: halikukaa. Ukikanyaga mafuta linanguruma vizuri. Ukiondoa mguu tu, mngurumo unashuka, gari linatetemeka kama mtu mwenye homa, linazimika.

"Ni troto," alimwambia Kansiime Jumamosi asubuhi, alipomkuta anapita na ndoo. "Ule mlango wa hewa. Umejaa masizi, hewa haipiti. Kwa barabara ya kwenu ile, tukizimikiwa katikati ya mlima tutarudi kinyumenyume mpaka bondeni. Lazima nilitoe nilioshe."

Alifungua boneti, akafungua waya wa betri, akaanza na kibano cha mpira mnene wa hewa. Bisibisi ikateleza. Akajaribu tena, ikateleza tena. Vidole vyake vilikuwa vimevimba kwenye viungo, na asubuhi za baridi ya kiangazi vilikataa kabisa kukunjika. Kansiime aliweka ndoo chini.

"Baba, niache nijaribu."

Lameck alisita. Kwa desturi yao na ya kwao Kansiime, baba mkwe na mkamwana hawasogeleani, hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja. Kuinama vichwa viwili chini ya boneti moja kungewapa watu la kusema. Alitazama njiani. Hapakuwa na mtu. Akaiweka bisibisi juu ya bampa, akarudi nyuma hatua moja, na Kansiime akaichukua hapo ilipowekwa.

Wakafanya kazi hivyo. Lameck alisimama upande mmoja akielekeza kwa fimbo ya mbuni, Kansiime akafungua. Kibano kililegea, mpira wa hewa ukatoka, na ndani ya boksi la chujio wakakuta kiota cha panya, nyuzi za migomba na vipande vya turubai vimesokotwa vizuri kabisa. Panya wenyewe walikuwa wamekwishahama. Kansiime alikitoa, akakiweka pembeni taratibu, asikivunje.

"Sasa hizo soketi mbili za umeme. Usivute waya, bonyeza kile kimdomo. Haya. Sasa ile kebo inayotoka kwenye pedali ya mafuta, izungushe, itatoka yenyewe. Hivyo vipaipu ni vya maji, maji kidogo yatamwagika, usiogope."

"Siogopi, baba."

"Zile bolti za kulishikilia troto ziko nne. Tumia spana ya kumi na mbili. Ile ya chini ni mbaya, haionekani, itafute kwa kidole."

Aliitafuta kwa kidole, shavu karibu kugusa injini, macho yameangalia mbinguni. Akaipata. Troto likatoka mkononi mwake, kitu cha bati zito kisichozidi ukubwa wa kikombe cha uji, na ndani yake kibati cha mviringo kinachofunguka na kujifunga. Alikifungua kwa kidole gumba. Nyuma yake kulikuwa na weusi mnene, unaonata, kama sufuria iliyounguliwa na sukari.

"Waitu, jamani," Lameck alisema kwa huzuni. "Huu si uchafu wa miezi hii. Huu ni wa zamani."

"Novatus alijua," Kansiime alisema.

Lameck alimtazama.

"Lilikuwa limeanza kuzimika kabla hajalazwa. Pale Omurushaka lilimzimikia na abiria ndani. Alisema akipata nafasi ataliosha. Hata hospitali aliniambia, nikitoka hapa kwanza naosha troto la gari."

"Mimi hakuniambia."

"Hakukuambia mambo mengi, baba." Kansiime alikuwa akisema bila kuinua macho. "Miguu ilipoanza kumvimba alivaa soksi hata kwenye jua, ili usione. Alisema, mzee akijua hatalala."

Lameck aliweka mkono juu ya paa la gari. Alikumbuka zile soksi. Alikuwa amemtania juu yake, kwamba siku hizi anatembea kama mkurugenzi. Novatus alicheka.

"Nenda utafute kitambaa laini," alisema. "Cha pamba. Kisichotoa nyuzi."

Kansiime aliingia nyumba ndogo, akakaa humo, kisha akarudi na fulana nyeupe ya ndani, ya mwanamume. Lameck aliitambua.

"Hiyo si ya kutunza?"

"Nimetunza nyingine," alisema, akaipasua.

Lameck alinyunyizia dawa ya kopo aliyoinunua duka la vipuri, ile ya kuoshea kabureta, na weusi ukaanza kutiririka. Kansiime alisugua kwa mswaki wa zamani, kisha akafuta kwa kipande cha fulana. Lameck akamwonya asitumie kisu wala bisibisi, kwa sababu kibati kikikwaruzwa hakitafunga sawasawa tena. Wakapuliza kile kitundu kidogo cha pembeni kinachopitisha hewa gari likiwa limesimama, mpaka dawa ikatokea upande wa pili ikiwa safi. Taratibu bati likaanza kung'aa. Machozi yalikuwa yakimtoka Kansiime, na kwa kuwa mikono yake ilikuwa na masizi hakuyafuta. Lameck aligeuka, akajishughulisha na kukwangua gasketi.

Benadeta akaita kutoka jikoni. Chakula tayari.

*

Walipotoka kula, bolti zilikuwa tatu.

Kansiime alikuwa na hakika aliziweka zote nne kwenye kifuniko cha ndoo. Wakatafuta chini ya gari, kwenye majani, kwenye viota vya kuku. Lameck aliinama kwa shida, akapapasa vumbi kwa kiganja. Kisha akaacha. Alisimama, akajipangusa magoti, akakumbuka kwamba Benadeta alipowapakulia chakula yeye mwenyewe hakula. Alisema anakwenda kugeuza kahawa.

"Baki hapa," alimwambia Kansiime.

Benadeta alikuwa amekaa pembeni ya turubai la kahawa, miguu ameinyoosha, akichambua punje ambazo hazikuhitaji kuchambuliwa. Pindo la khanga yake lilikuwa limefungwa fundo. Lameck alisimama mbele yake.

"Imepotea bolti moja."

"Haikupotea," Benadeta alisema. "Ninayo. Ulitaka nikudanganye?"

Lameck alilitazama lile fundo. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona mkewe akichukua kisicho chake, hata ndizi iliyoanguka mpakani mwa jirani.

"Nilitaka kesho ipite," Benadeta aliendelea. "Jumapili tu. Twende naye kanisani, tukae benchi letu. Basi."

"Na Jumatatu?"

"Jumatatu ningechukua nyingine."

Lameck alijishusha taratibu mpaka chini, akakaa kando ya turubai upande wa pili. Tangu mazishi walikuwa hawajui waitane nani. Miaka yote walikuwa Baba Novatus na Mama Novatus. Sasa waliitana "wewe," kama watu waliokutana stendi.

"Mama Novatus," alisema.

"Usiniite hivyo."

"Nikuite nani, basi? Jina lako ni hilo."

Benadeta alijifunika uso kwa kiganja chenye vumbi la kahawa. "Wewe unamrudisha tu," alisema. "Umeamka asubuhi, umeshika spana, unapiga na mluzi. Kama unapeleka gunia la kahawa mnadani."

"Sikupiga mluzi."

"Ulipiga."

Labda alipiga. Zamani kwenye gereji alikuwa na tabia hiyo. Mdomo ulijiendea wenyewe mikono ikiwa kazini. "Kama nilipiga, nisamehe," alisema. "Unadhani mimi napenda? Nimefungua kila bolti nikiomba ikatae."

Kansiime alikuwa ameshafika. Hakuwa ameweza kubaki kama alivyoambiwa. Alipiga magoti kwenye vumbi mbele ya mama mkwe wake, mikono yake mieusi ameishikilia mbali na nguo.

"Mama."

Benadeta aligeuza uso pembeni.

"Mama, kila alfajiri nakusikia ukitoka kwenda kaburini. Nasikia unavyozungumza naye. Mimi nalala macho wazi nasubiri urudi ulale, na ukisharudi ndipo natoka mimi. Nawe najua unanisikia." Akainua macho kumtazama. "Tunapishana mlangoni kama watu wanaoibiana. Nimechoka kumlilia kwa zamu, mama. Nikikuona wewe nakumbuka, nawe ukiniona mimi unakumbuka. Hatuponi."

"Nani kakuambia nataka kupona?" Benadeta alisema.

"Mimi nataka," Kansiime alisema, kwa sauti ndogo sana, kama mtu anayekiri jambo la aibu.

Benadeta alimtazama. Ilikuwa kama amemwona kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi: mwanamke kijana, aliyekonda shingo, mwenye mstari wa masizi kwenye paji la uso na mistari miwili safi ilipopita machozi. Alinyoosha mkono akataka kuyafuta masizi yale, akayaeneza zaidi.

"Una umri wa binti yangu mdogo," alisema. "Ningekuwa nimemwona yeye anakauka hivi nyumbani kwa watu, ningemfuata kwa miguu."

Akalifungua fundo la khanga. Bolti ilikuwa na joto la mwili wake. Hakumpa Lameck, aliiweka kwenye kiganja cha Kansiime, akakifunga kwa vidole vyake mwenyewe.

"Mwende kesho baada ya ibada. Hilo moja mnipe."

"Ndiyo, mama."

*

Kulirudisha troto kulikwenda haraka kuliko kulitoa. Gasketi ikakaa mahali pake, bolti zikakazwa kwa mshazari, kidogo kidogo, vipaipu vya maji, kebo, soketi, mpira wa hewa. Lameck aliunga waya wa betri, akaketi tena kwenye kiti cha dereva, kile cha mwanawe. Kiti kilikuwa kimesogezwa nyuma sana, kwa mtu mwenye miguu mirefu. Hakukisogeza. Alikaa ukingoni, akazungusha ufunguo.

Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe wa ile dawa, ikapanda juu kwa kelele iliyowatawanya kuku. Lameck aliacha ipige kelele. Moshi ukapungua, mngurumo ukashuka, ukashuka tena, naye akaondoa mguu akisubiri itetemeke. Haikutetemeka. Ilibaki inanguruma kwa chini, sawasawa, bila mtu kuigusa.

Kansiime alikuwa amesimama mbele ya gari, mikono imelegea. Hakuna aliyefurahi.

Jikoni, Benadeta aliposikia mngurumo ule ukitulia uani, alichukua sufuria kubwa, akaitia maji, akaiweka mafigani na kuchochea kuni. Maji yalipoanza kutoa mvuke ndipo alipotambua alichokuwa akifanya. Ni maji ya kuoga ya Novatus. Alimwekea kila jioni alipolisikia gari likiingia. Alisimama hapo, mwiko mkononi, akiyatazama yakichemka. Asingeweza kuyamwaga. Mwishowe aliyapoza kwenye beseni, akalitoa nje, akamwita Kansiime aje aoshe masizi, na yeye mwenyewe akamsugua mikono kwa sabuni ya mche na jivu, kidole kimoja kimoja.

*

Jumapili walikaa benchi lao, kitabu kimoja. Benadeta aliimba kila wimbo mpaka ubeti wa mwisho. Baada ya ibada watu waliwashika mikono nje ya kanisa, na wengine waliosikia habari walimkumbatia Kansiime wakamwambia akawasalimie wa kwao, kana kwamba anakwenda wiki moja.

Cherehani yake iliingia buti, godoro likafungwa juu ya gari, masanduku mawili kiti cha nyuma. Benadeta akampa kifurushi cha kahawa ya kutafuna kilichofungwa kwenye ganda la mgomba, ya kumpa mama yake. Kisha Kansiime akaenda kaburini peke yake. Aliporudi, Benadeta alikuwa amekwishaondoka uani.

"Hataki kuona gari likitoka," Lameck alisema. "Twende, mwanangu."

Njiani waliongea kidogo. Vumbi lilikuwa jingi. Walipita Nkwenda watu wakitoka kwenye ibada ya mchana, wakapanda milima ambayo Lameck aliiogopa, na gari halikuzimika hata mara moja. Kwenye mteremko wa mwisho migomba ilipungua, ikaisha, nyika ikafunguka mbele yao, ya manjano, na ng'ombe wenye pembe ndefu wakisogea taratibu kwa mbali. Kansiime alishusha kioo. Upepo wa samadi na majani makavu ukaingia, naye akavuta pumzi ndefu. Lameck aliliona hilo. Lilimuuma na wakati huohuo akashukuru.

Tumwine, kaka yake Kansiime, alikuwa akiwasubiri nje ya boma na wazee wawili wa kwao. Mama yao, Yudesi, hakuweza kusimama. Aliletewa kiti mlangoni. Kansiime alikimbia mita za mwisho kama msichana, akaweka kichwa kwenye mapaja yake.

Walipokwisha kunywa maziwa, Lameck alisimama. Alikuwa ameyafikiria maneno yake njia nzima, lakini alipofumbua kinywa yalitoka machache.

"Nimemrudisha mtoto wenu. Tulimpokea mzima, tumekaa naye vizuri, hana kosa lolote kwetu. Mtu akiuliza, mwambieni hakufukuzwa. Kilichomrudisha ni kifo, na kifo hakina wa kukishtaki. Mahari sitaki kuisikia. Atakayemtaka na aje awatafute ninyi, sisi tutamwombea."

Yudesi alilia kwa sauti. Tumwine alijibu kwa heshima, kwamba wamemsikia, kwamba undugu haujavunjika, kwamba watu wa Bweranyange ni wa kwao. Akaamuru mtungi wa maziwa na kopo la samli vipelekwe garini.

Kansiime alimsindikiza mpaka kwenye gari. Hapo alinyoosha mkono wa kulia, mkono wa kushoto umeshika kiwiko, kama mtu anavyomuaga mzee yeyote. Lameck aliutazama mkono ule. Hakuwa amewahi kuushika. Akauelewa: angekuwa bado mkamwana wake, asingempa mkono. Aliushika kwa mikono yake miwili iliyovimba, akaushikilia kwa muda.

"Baba," Kansiime alisema, "mwambie mama…"

Hakumaliza. Lameck alitikisa kichwa kwamba amesikia.

*

Alifika Bweranyange jua linazama. Moto wa jikoni ulikuwa umezimika. Aliita, hakuitikiwa. Alikwenda kaburini, hapakuwa na mtu. Ndipo alipouona mlango wa nyumba ndogo uko wazi.

Benadeta alikuwa amelala juu ya kitanda cha Kansiime kisicho na godoro, juu ya mbao tupu, amejikunja, khanga ameivuta mpaka shingoni. Chumba kilikuwa kitupu, msumari wa kutundikia kioo ukutani, alama za miguu ya cherehani sakafuni. Hakuwa amelala usingizi. Alimsikia mumewe akiingia, akasogea kidogo kumpa nafasi, na Lameck akakaa ukingoni mwa ubao.

Kisha Lameck alitoka, akarudi na vikombe viwili na ule mtungi. Akamimina.

"Yametoka kwa kina Tumwine."

Benadeta aliinuka, akapokea kikombe kwa mikono yote miwili, akanywa kidogo.

"Mama yake yukoje?"

"Amezeeka. Hasimami. Lakini alimshika."

"Kansiime alilia?"

"Alilia."

"Alikula?"

"Alikunywa maziwa. Alikunywa sana. Kwao si unajua."

Benadeta aliitikia kwa kichwa. Alitazama ndani ya kikombe. "Hapa sikuwahi kumpatia ya kutosha," alisema. "Alikuwa hasemi. Ananywa chai ya rangi kama sisi, anasema inatosha." Machozi yalianza kumdondoka, naye hakuyazuia. Lameck alimwongezea maziwa, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa, na yakamwagika kidogo sakafuni.